Sheria za Mchezo Ndizo Somo



Siku hizi karibu kila tangazo la mradi wa vijana linataja michezo ya kielimu, na mara nyingine uhalisia pepe, ile wengi wetu tunaita realite virtuele. Tunaandika mradi, tunaweka maneno hayo kwenye kichwa, kisha tunatoa kitu gani? Maswali kumi, na kila swali majibu matatu ya kuchagua. Ukijibu vizuri nyota inawaka, muziki unalia. Huo ni intero tu, intero yenye imepakwa rangi. Mwanafunzi anakariri jibu, anapata pointi, kesho amesahau sawa vile tulisahau silabusi nyingi baada ya mitihani.

Mimi nilisoma agronomia, siyo informatike. Swali la michezo lilinijia kupitia kazi ya shamba: juu ya nini mkulima anaweza kujua jambo vizuri kabisa, analieleza kuliko wewe, lakini hafanyi? Kwa kutafuta jibu la swali hilo ndipo nilielewa mchezo unafanya kazi gani, na lini hauna kazi. Ndiyo ninataka kueleza hapa.

Tuchukue mfano mmoja wa kwetu Kivu

Mnyauko wa migomba, ule wenye wanaosema Kinyarwanda wanaita kirabiranya, ulionekana Congo mara ya kwanza mwaka 2001 kule Masisi. Unaletwa na bakteria. Majani yanageuka manjano na kunyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati wake na kuoza ndani, na ukikata shina, maji mazito ya manjano yanatoka. Hakuna dawa ya kupulizia. Ugonjwa unapita njia mbili kubwa. Ya kwanza ni wadudu wenye kutembelea ua dume, lile lenye linaning'inia chini ya mkungu. Ya pili ni panga lenye limekata mgomba mgonjwa, kisha likakata mzima.

Kinga yake inajulikana. Vunja ua dume mapema kwa mti wenye panda, usitumie panga. Pitisha panga kwenye moto au lioshe na javeli kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Kata mashina yenye kuonyesha dalili, chini kabisa, na urudie kila wakati dalili zinapojitokeza. Zamani tulikuwa tunaambia watu wang'oe shina lote pamoja na watoto wake, kazi ya kuvunja mgongo. Baadaye watafiti walionyesha kwamba bakteria haifikii watoto wote wa shina, na kwamba kuondoa mashina magonjwa peke yake, bila kuchoka, kunaweza kushusha ugonjwa sana.

Sasa, mambo hayo yote yanaingia kwenye bango moja. Mabango yalichapishwa, redio zilisema, mikutano ilifanyika. Mama mmoja wa Walungu aliniambia neno lenye sijasahau: "Mutoto wangu, ile ugonjwa tunaijua. Lakini panga iko moja kwa nyumba tatu. Nitaichoma mara ngapi kwa siku?"

Tazameni vizuri jibu lake. Habari anayo. Shida iko kwenye hesabu ya kazi. Kuchoma panga kunamgharimu leo, mbele ya macho yake. Faida itakuja baada ya miezi, na sehemu yake kubwa itaenda kwa jirani. Mgomba wenye umeambukizwa leo unaweza kukaa wiki nyingi, hata miezi, bila kuonyesha kitu. Kwa hiyo mtu hawezi kuona kwamba panga la Januari ndilo lilileta hasara ya Aprili. Bango haliwezi kumwonyesha. Mchezo unaweza, kwa sababu ndani ya mchezo miezi minne ni dakika ishirini.

Mchezo unafundisha kwa njia gani?

Mchezo uko na vitu vitatu: uamuzi, sheria, na matokeo. Mchezaji anaamua, sheria zinajibu, matokeo yanamrudia, naye anaamua tena. Kile anachojifunza ni namna sheria zinajibu. Picha nzuri na hadithi zinamsaidia kuingia, lakini somo liko ndani ya sheria zenyewe. Ian Bogost, mtunzi wa michezo na mwalimu wa chuo kikuu huko Marekani, alieleza wazo hilo kwa urefu katika kitabu chake Persuasive Games cha mwaka 2007.

Kuna historia moja yenye inaonyesha jambo hilo wazi kabisa. Mwaka 1904, Mmarekani mmoja mwanamke, Elizabeth Magie, alipata hati ya uvumbuzi kwa mchezo wake aliouita The Landlord's Game, maana yake mchezo wa mwenye ardhi. Alitaka watu waone kwa macho namna wenye ardhi wanatajirika kwa kodi wakati wapangaji wanazama. Aliuwekea hata sheria za namna mbili: kwa sheria za kwanza mmoja anameza wote, kwa sheria za pili utajiri unafikia kila mchezaji. Mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers ilinunua hati yake kwa dola 500, wakati ilikuwa inauza mchezo wenye kutokana na ule wake, Monopoly. Dunia ikabaki na sheria za kumeza wenzako, zile za pili zikasahauliwa. Ubao karibu ni uleule, lakini leo watoto wanajifunza kufurahia kile Magie alitaka wachukie. Ukibadilisha sheria, umebadilisha somo, hata kama michoro imebaki vilevile.

Mfano mwingine ni wa hospitali. Mwaka 2006 shirika la HopeLab la Marekani lilitoa mchezo wa kompyuta unaoitwa Re-Mission, kwa vijana wenye kansa. Mchezaji anaongoza roboti ndogo ndani ya mwili, inapiga seli za kansa. Mgonjwa wa ndani ya mchezo akiruka dawa yake, silaha zinapoteza nguvu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulifuata wagonjwa 375 katika hospitali 34. Wamoja walipewa mchezo wa kawaida wa kujifurahisha, wengine waliongezewa Re-Mission. Wale wa Re-Mission walifuata dawa zao vizuri zaidi.  Sheria ya mchezo ilisema: ukiruka dawa, adui anapata nguvu.

Wakulima walicheza, kisha wakaandika sheria zao

Kwa sisi watu wa agronomia, mfano wenye kunigusa zaidi unatoka India, jimbo la Andhra Pradesh. Kule maji ya chini ya ardhi yanashuka kwa sababu kila mkulima anachimba kisima chake na kuvuta. Watafiti, pamoja na shirika moja la huko la mazingira, walileta mchezo rahisi vijijini. Kila mchezaji anachagua kila msimu: zao lenye kunywa maji kidogo na kuleta faida ndogo, au zao lenye kunywa maji mengi na kuleta faida kubwa. Maji yote yanatoka kwenye chungu kimoja cha wote. Mvua inarudisha kidogo. Wengi wakichagua zao la maji mengi, chungu kinakauka na wote wanalia.

Mwanzoni walicheza bila kuzungumza, kisha wakaruhusiwa kuzungumza. Baada ya mchezo, kijiji kizima kilikaa na kujadili kile kilichotokea. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 na 2018. Watafiti waliporudi baadaye, vijiji vyenye vilicheza vilikuwa vimejiwekea daftari za maji na sheria za kutumia maji kuliko vijiji vyenye havikucheza.

Mchezo wenyewe haukuwaambia watu wapande nini. Uliwapa mahali pa kuona tabia yao wote pamoja, kwa muda mfupi, bila kupoteza mavuno ya kweli. Mazungumzo ya baada ya mchezo ndiyo yaliunganisha chungu cha mchezo na kisima cha nyumbani. Ninawaomba mushike hilo: mchezo bila mazungumzo ya mwisho ni kama kupanda bila kupalilia.

Tutunge mmoja: Panga Moja

Sasa tushuke kwenye kazi. Hapa ninaeleza mchezo wenye tuliutunga na marafiki wawili, mmoja wa informatike na mwingine mwalimu, ili muone namna sheria inabeba somo. Hauhitaji umeme wala mega. Unahitaji vifuniko vya chupa 48, maharagwe, dadu moja, daftari, na kijiti kimoja chenye kuwakilisha panga.

Wachezaji ni wanne, majirani. Kila mmoja anapanga vifuniko 12 mbele yake, hiyo ndiyo migomba yake. Mzunguko mmoja ni mwezi mmoja, na mchezo uko na mizunguko kumi. Kila mwezi mchezaji anapokea maharagwe matatu, yaani siku tatu za nguvu ya kazi. Haragwe moja linaweza kuvunja maua dume ya shamba lake kwa mwezi huo, au kuchoma panga, au kukata mgomba mmoja mgonjwa. Au anaweza kulipeleka kibarua, limletee pointi moja papo hapo.

Kuvuna ni lazima kila mwezi: migomba mizima minne inaleta pointi moja. Na kwa kuvuna ni lazima kutumia panga, nalo ni moja kwa wote wanne, linapita mkononi kwa mkononi. Mwanzoni msimamizi anaandika kwa siri kwenye daftari mgomba mmoja wenye ugonjwa. Panga likitoka shamba lenye ugonjwa bila kuchomwa, msimamizi anaandika mgomba mwingine kwenye shamba lenye linalipokea. Mwenye hakuvunja maua dume anatupa dadu, na kama kuna shamba la jirani lenye ugonjwa, akipata sita, wadudu wamemletea nao. Lakini kifuniko kinageuzwa baada ya mizunguko miwili tu. Kabla ya hapo, mgomba unaonekana mzima na unavunwa kama kawaida.

Munaona hila yake? Miezi ya kwanza mwenye kupeleka maharagwe yote kibarua anaongoza. Wengine wanamwiga. Karibu mwezi wa nne vifuniko vinaanza kugeuka kwa watu wawili au watatu kwa pamoja, na kelele inaanza: "Ni nani alinipa panga bila kuchoma?" Hapo msimamizi anasimamisha mchezo na kuwapa dakika tano wazungumze. Siku tulicheza na kikundi kimoja cha akina mama, walikubaliana wenyewe kwamba kila mmoja atoe haragwe moja kwa zamu, kwa ajili ya kuchoma panga la wote. Hiyo sheria haikuwa ndani ya daftari yetu. Waliitunga wao.

Kisha maswali matatu ya mwisho: Ni wakati gani uliona ugonjwa, na ni wakati gani uliingia kweli? Nani alilipa, na nani alipata faida? Ndani ya kijiji chetu, haragwe la zamu linaweza kuwa nini? Mara hii watu wanasema kuni za kuwasha moto pembeni ya shamba siku ya mavuno, au chupa moja ya javeli yenye kununuliwa na nyumba tatu. Mazungumzo yanatoka kwenye vifuniko, yanafika kwenye shamba.

Kutoka hapo ninaweza kuwapa kanuni chache za kutunga. Anza na uamuzi mmoja wenye watu wanaukosa kweli, usianze na sura nzima ya silabusi. Weka gharama ya kweli, kwa maana mchezo wenye tabia njema haigharimu kitu ni uongo, na mkulima ataona uongo huo mara moja. Acha matokeo yachelewe kama yanavyochelewa shambani. Fungulia mlango majirani, kwa sababu shida zetu nyingi haziishii kwenye mpaka wa shamba moja. Halafu ujaribu mapema, na watu wenye watakupinga, siyo na wenzako wa promosyo wenye watapiga makofi.

Na uhalisia pepe?

Ninajua kuna wenye wanangojea sehemu hii. Uhalisia pepe unafanya kazi hivi: kaske yenye kuvaliwa machoni inaonyesha kila jicho picha yake, tofauti kidogo, ubongo unaziunganisha na kuona kina. Vipimo vya ndani vinafuata kichwa chako, ukigeuka na picha inageuka. Picha ikichelewa kupita kama milisekunde 20, ubongo unashtuka, mtu anasikia kizunguzungu na kichefuchefu. Mwaka 2014 Google ilitoa Cardboard, kaske ya karatasi ngumu yenye lenzi mbili ambamo unaingiza telefone yako. Bei ilishuka sana. Lakini angalieni: telefone nyingi za bei nafuu zenye tuko nazo hazina jiroskopu, kile kipimo cha kufuata mzunguko wa kichwa. Bila hicho, picha haitageuka vizuri. Kabla ya kuandika mradi wa kaske mia moja, kwanza pima telefone za watu wenye unataka kuwafundisha.

Swali kubwa ni hili: kaske inaonyesha kitu gani chenye macho hayawezi kuona? Kumpeleka mkulima wa Kabare ndani ya kaske ili aone mgomba ni kupoteza pesa, migomba iko nyuma ya nyumba yake. Lakini kumwingiza ndani ya shina, aone bakteria inavyopanda wiki kwa wiki wakati nje majani yangali kijani, hapo kaske iko na kazi. Vivyo hivyo mlima wetu wenye kumomonyoka: kusimama mahali pamoja na kuona miaka 20 ya mvua ikibeba udongo, mara moja bila mitaro na majani ya kushika udongo, mara nyingine pamoja navyo. Muda mrefu, mahali pa hatari, vitu vidogo sana: hayo ndiyo mashamba ya uhalisia pepe.

Kwa mabadiliko ya kijamii pia kuko mfano wenye unatuhusu. Mpiga picha wa vita Karim Ben Khelifa alitunga The Enemy, iliyoonyeshwa Paris mwaka 2017 kwenye Institut du Monde Arabe. Mtu anavaa kaske, anatembea ndani ya chumba, na anakutana na wapiganaji wenye kusimama uso kwa uso: wa Israeli na Palestina, wa makundi ya El Salvador, na wa kwetu Congo. Pande zote mbili zinajibu maswali yaleyale: adui wako ni nani, amani ni nini kwako. Ukisogea, wanakufuata kwa macho. Ni kazi yenye heshima. Lakini mgeni wa pale anasikiliza tu, hana uamuzi wa kufanya. Machozi yanaweza kufungua moyo. Mabadiliko yanahitaji mtu ajaribu kuamua, aone matokeo, kisha aamue tena.

Nani anaandika sheria kuhusu sisi?

Mwaka 2011 Waitaliano wa Molleindustria walitoa Phone Story, mchezo wa telefone kuhusu njia ya telefone yenyewe. Sehemu yake ya kwanza iko Congo: mchezaji anasukuma watoto wachimbe koltani chini ya bunduki. Apple iliuondoa kwenye duka lake muda mfupi tu baada ya kutangazwa. Ulitungwa kwa ajili ya mnunuzi wa telefone, ajisikie kwamba mkono wake umo. Kwa lengo hilo unafanya kazi yake. Lakini kijana wa Rubaya hapati uamuzi wowote wa kujaribu ndani yake. Hawezi kuunda ushirika, hawezi kujadili bei, hawezi kuchagua kati ya shimo na shule. Ndani ya sheria hizo yeye ni kitu chenye kusukumwa tu.

Tukingojea wengine watutungie, tutaendelea kuwa vifuniko kwenye ubao wa watu. Wenye kujua kwamba panga ni moja kwa nyumba tatu ni sisi na mama zetu. Ujuzi huo hauuzwi kwenye duka la programu. Na michezo si kitu kigeni kwetu: wazee wetu walikuwa na kisolo, mashimo na mbegu, mchezo wenye kufundisha kuhesabu mbele na kutabiri hatua ya mwenzako bila bango hata moja.

Kwa hiyo ninapendekeza kitu kidogo chenye kinawezekana. Wa agronomia, wa tiba, wa sheria, chagueni uamuzi mmoja wenye watu wa mtaa wenu wanaujua lakini hawaufanyi. Tafuteni mwenzenu wa pedagojia awasaidie kwa mazungumzo ya mwisho. Andikeni sheria kwenye ukurasa mmoja, muucheze na maharagwe mara kumi. Kisha rudini baada ya miezi mitatu, muhesabu shambani au nyumbani kama kuna kitu kimebadilika, na mulinganishe na mtaa wenye haukucheza. Kama sheria zimesimama kwenye maharagwe, ndipo muite mtu wa informatike aziweke kwenye telefone, na siku moja kwenye kaske. Kama hazikusimama, hakuna kaske ya dola mia tano yenye itaziokoa.

Vifuniko vya chupa viko kila mahali. Tuanze na hivyo.